Kitanda Kisichopita Mlangoni

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mzee Rula alitoa magodoro matatu nje akayaanika juani. Aliyageuza saa sita, akayapiga kwa mti wa ufagio mpaka vumbi likaisha, na kabla jua halijapoa akayarudisha chumbani, kila moja mahali pake: la juu, la kati na la chini. Magodoro hayo yalikuwa hayajalaliwa na binadamu kwa miaka mitano.

"Unamwanikia nani?" mke wake alimuuliza kila mwezi, bila kuchoka.

"Godoro lisipoanikwa linanuka."

"Sikukuuliza kwa nini. Nimekuuliza nani."

Mzee Rula aligeuza godoro la pili. Alikuwa na kipaji hicho, cha kutosikia swali lililomgusa.

Alikuwa seremala, na jina la Rula alipewa na mtaa akiwa bado kijana, kwa sababu ya ile rula ya mbao ya kukunja aliyoiweka mfukoni mwa shati hata siku za kwenda mazikoni. Alipima kila kitu. Watu walisema ukimkaribisha chai atapima kwanza kikombe. Mke wake naye alikuwa mfanyakazi wa kliniki, kazi yake kuwatia watoto wachanga kwenye mizani na kuandika uzito wao kwenye kadi. Basi majirani hawakuishiwa utani: nyumba ile, walisema, hakiingii kitu bila kupimwa.

Kumbe kipo kimoja kilichoingia bila kupimwa, nacho ni kile kitanda.

Alikitengeneza wakati watoto wote watatu walikuwa wadogo, yule wa mwisho ametoka juzijuzi kitandani kwa mama yake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na hicho cha watoto kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta. Mzee Rula alikuwa amebakiwa na mbao za mvule kutoka kazi ya mabenchi ya mahakama, mbao ngumu za kuvunja meno ya msumeno. Aliziingiza chumbani ubao mmoja mmoja, akakijenga kitanda humo humo ndani, ghorofa tatu na ngazi yake. Hakutia msumari hata mmoja. Kila ubao aliuchonga ulimi, akauingiza kwenye tundu la mwenzake, akaumwagia gundi na kugonga mpaka ukanyamaza. Alifanya kazi wiki tatu. Alipomaliza, kitanda kilishika ukuta huu, kikabakiza shibiri mbili tu kufika ukuta ule, na hata watu wazima watatu wangekirukia kisingetikisika.

Jirani yake mwashi alikuja kukitazama. Alikizunguka kwa macho, akakigonga kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akageuka kuutazama mlango.

"Fundi, kazi ni kazi, sikatai. Lakini hiki kitu kitatokaje humu?"

Mzee Rula aliutazama mlango, akakitazama kitanda, akautazama mlango tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kusahau kupima mlango. Lakini kukiri mbele ya mwashi lilikuwa jambo lisilowezekana, afadhali ameze randa.

"Kitoke kiende wapi?" alisema.

Mwashi alicheka mpaka akashika mbavu, na jibu hilo likazunguka mtaa mzima. Mtu akiulizwa kwa nini hahami, kwa nini habadili kazi, hata kwa nini hamwachi mkewe, atasema: kitoke kiende wapi? Mzee Rula alichukulia kwamba ametoa hekima. Na baada ya muda aliamini kabisa kwamba alikijenga vile kwa makusudi.

Watoto walikua humo. Kifungua mimba, mvulana mwenye miguu mirefu, alipofika miaka kumi na sita nyayo zake zilining'inia nje, ikabidi baba arefushe ghorofa ya juu kwa shibiri moja. Ubao mpya haukukubali kushika rangi ya zamani. Mpaka leo ukitazama unauona mstari. Binti alikuwa wa kati na alilala katikati, akalalamika miaka yote kwamba huku juu wanakoroma na huku chini wanapiga teke. Chini alilala kitinda mimba, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga teke.

Na katika miaka hiyo ndipo Mzee Rula alipoishika ile kauli yake. Mtoto akichelewa kurudi, "Nyumba hii si gesti." Akiacha sahani mezani, "Nyumba hii si gesti." Akilala mpaka jua la saa tatu, baba alisimama mlangoni na rula mkononi, "Bwana mkubwa, nyumba hii si gesti, amka." Hakuwa mkali kuliko baba wengine. Ni kwamba alipata sentensi moja iliyofanya kazi, akaitumia kwa kila tatizo.

Wakaanza kuondoka. Kifungua mimba alienda chuo na sanduku la bati. Baba alimpa mkono kama anavyompa mteja, kisha akaingia karakana akaanza kupiga randa ubao wa meza ya watu. Alipiga randa mpaka ubao ukawa mwembamba usiofaa meza tena, akaugeuza mfuniko wa pipa. Binti aliolewa, baba alimtengenezea kabati, akalisindikiza mwenyewe na hakukaa kula. Kitinda mimba alipata kazi mji wa mbali na gari lilikuja kumchukua asubuhi ambayo Mzee Rula alikuwa kwa mteja akirekebisha dirisha. Aliporudi alikuta shuka la chini limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Alikusubiri," mke alisema. "Gari likampigia honi."

"Honi," alisema Mzee Rula. Siku ile alichukia. Tusimpambe tukasema alisikitika. Alichukia, kama mtu aliyeibiwa saa yake mchana kweupe. Alikuwa amewalea miaka ishirini na zaidi, akawafunza hata kushika kijiko, halafu inapigwa honi, basi, imekwisha. Kuna kazi gani nyingine duniani ambayo ukiifanya vizuri ndipo unapobaki mikono mitupu? Aliwauliza wateja wake swali hilo. Wengi walidhani anatania.

Miaka mitatu baadaye binti alirudi. Ndoa ilimshinda, alikuja na begi moja, akapanda ghorofa yake ya kati akalala. Alilala wiki saba. Alishuka kula, akaosha sahani yake, akapanda tena. Mama yake alimbembeleza, alimkanda miguu, alimletea habari za kliniki. Mzee Rula kila alipopita mlangoni aliona mgongo wa binti yake umeelekea ukuta, na moyo ulimpasuka, na kwa kuwa hakuwa amezoea moyo kumpasuka alidhani ni hasira. Asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda, alisimama mlangoni.

"Mama, nyumba hii si gesti."

Alitaka kusema: amka mwanangu, naogopa. Huo ndio ukweli wake, na aliujua mwenyewe baadaye, wakati wa kuujua ulipokwisha kupita. Lakini kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka. Binti aligeuka, akasema, "Sawa, baba." Baada ya siku mbili alipata chumba cha kupanga upande mwingine wa mji alikofanyia kazi zamani, akaondoka, na maisha yake yakasimama tena. Mzee Rula alijisifu. "Unaona? Mtoto anahitaji kusukumwa kidogo."

Tangu hapo watoto walikuja kusalimia, hawakukosa. Walikuja asubuhi na mifuko ya matunda, wakacheka na mama yao, na jioni kabla taa hazijawashwa walikuwa wamekwisha ondoka. Wana shughuli, alijiambia. Na akaendelea kuanika magodoro.

Sasa mwaka huu mke wake alistaafu kliniki, na watoto wakakubaliana waje wote pamoja, Jumamosi, wampongeze mama yao. Wote watatu, siku moja, na kuondoka ni Jumapili! Mzee Rula aliposikia neno Jumapili alienda moja kwa moja chumbani. Alihesabu kwa vidole: watalala. Alichotaka sasa, na hakutaka kingine, ni usiku mmoja. Watatu wale wapande pale walipopandia, naye alale chumba cha pili akiwasikia wakigombana kupitia ukutani.

Alifanya kazi wiki mbili. Alikipiga msasa kitanda chote, ngazi kwa ngazi, akakipaka vanishi mara tatu. Kisha akakumbuka picha ya kifungua mimba iliyokuja kwenye simu ya mama yake, shati limebana tumboni. Alimpigia.

"Una kilo ngapi siku hizi?"

"Kilo? Baba, vipi tena, unanichongea jeneza?"

"Jibu swali."

"Kama mia moja na mbili hivi."

Mzee Rula alikata simu bila kuaga, akaenda kutia mihimili miwili chini ya ghorofa ya juu. Mke wake alisimama mlangoni akimtazama alivyolala chali na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema anakwenda sokoni.

Jumamosi ilifika na nyumba ikajaa. Kifungua mimba alikuja na gari, mkewe na watoto wao wawili. Binti alikuja na keki kubwa kama tairi. Kitinda mimba, ambaye sasa ana ndevu, alimnyanyua mama yake juujuu mpaka akapiga kelele ashushwe. Walikula, wakamvalisha mama khanga mpya, wakapiga picha. Wajukuu walikigundua kitanda. Walipanda, wakashuka, wakapanda, wakageuza ghorofa ya kati kuwa duka. Mzee Rula alisimama mlangoni akasahau hata kuwaambia wavue viatu.

"Babu, nani analala hapa?" mjukuu wa kike aliuliza.

"Baba yako," alisema. "Juu kabisa. Leo utamwona."

Ilipofika saa kumi jioni, kifungua mimba alitazama saa.

"Haya jamani, tukachukue funguo kabla hawajawapa watu wengine."

"Funguo za nini?" aliuliza Mzee Rula.

"Za vyumba, baba. Tumechukua vyumba vitatu pale gesti, hapo barabarani. Ni karibu, asubuhi tutapita kuwaaga."

Mzee Rula aliwatazama mmoja mmoja. Alidhani ni utani na alisubiri mwisho wake.

"Vitanda vipo," alisema.

Wakatazamana. Kisha kitinda mimba akajibana mdomo, na kifungua mimba akatoa tumbo mbele, akatia kidole mfukoni kana kwamba ameshika rula, na wote wawili kwa sauti moja nzito wakasema:

"Nyumba hii si gesti!"

Sebule ikaangua kicheko. Wajukuu waliirudia. Mke wa kifungua mimba, ambaye hakuwahi kuamshwa katika nyumba hii hata siku moja, naye aliijua, aliisema akiwa ameshika mbavu. "Hiyo ndiyo salamu yetu kwenye simu," kitinda mimba alieleza akifuta machozi. "Mtu akichelewa kujibu, tunamwandikia hiyo." Mzee Rula akatambua kwamba sentensi yake imetembea mbali kuliko yeye, imelala katika nyumba ambazo yeye hajawahi kulala.

Alicheka pia. Angefanya nini? Alicheka akajikaza kisabuni, na macho yake yakakutana na ya binti, ambaye hakuwa amecheka. Binti alikuwa akikusanya vikombe.

"Hatukutaka kuwasumbua tu, baba," alisema taratibu.

Palikuwa na nafasi pale. Kicheko kilikuwa kimepungua, viatu havijavaliwa, mtu angeweza kusema neno. Mzee Rula alilitafuta. Alichokipata ni hiki:

"Mwambieni mwenye gesti awape vyumba vya mbele. Vitanda vya nyuma vinalia."

Alijua, maana ni yeye aliyevitengeneza. Ilikuwa zabuni ya haraka, zamani, vitanda ishirini vya mbao laini, misumari mitupu, kazi ya wiki moja ya kuwalaza watu asiowajua.

Gari lilipoondoka alibaki sebuleni na mke wake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Wiki mbili unaniona napiga msasa."

"Nilitaka kukwambia. Kila nikija nakukuta chini ya kitanda unafurahi." Mke alikaa, akavua viatu. "Ungesema tu, baba watoto. Laleni hapa. Maneno mawili."

"Kwani hawajui?"

"Watajuaje? Wanajua ulichowaambia."

Asubuhi walipita, kama walivyoahidi. Walikunywa chai wamesimama.

"Mmelalaje?" aliuliza.

"Salama, baba," alisema kifungua mimba akijishika kiuno. "Fofofo. Kama mtoto mchanga."

Waliaga. Binti ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia garini. Alirudi hatua mbili akamshika baba yake mkono, akaushika zaidi ya ilivyo kawaida, kama mtu anayengoja. Mzee Rula akasema, "Haya, msichelewe." Honi ikapigwa.

Jumatatu mwenye gesti, mama mnene mcheshi aliyesoma na mke wake, aliingia karakana akicheka.

"Shemeji, mwanao kanivunjia kitanda! Namba nne. Ubao wa ubavuni umepasuka kabisa, na ile ni kazi yako, usikatae."

"Lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo, wamepanda tu. Vyumba vingine vimejaa, nikaona haya. Kumbe kijana hana makuu, akashusha godoro sakafuni, akajilaza pale na mkewe na watoto. Nikamwambia, mwanangu, si uende kwa baba yako, hapo nyuma tu? Akacheka. Akasema, 'Mama, kule si gesti.' Mimi hata sikumwelewa."

Mzee Rula aliweka randa chini. Ilimuuma mahali ambapo hakujua kwamba pana uhai. Mtoto wake, mtu mzima wa kilo mia na mbili, alilala sakafuni kwenye saruji, dakika tano kutoka kwenye mvule uliotiwa mihimili kwa ajili yake, kisha asubuhi akamwambia baba yake amelala fofofo. Alitaka kumkasirikia. Alijaribu kweli, alitafuta pa kuanzia: wamesomeshwa, wamevishwa, wanamfanya kichekesho cha simu. Lakini kila uzi alioushika ulimrudisha mlangoni pa kile chumba, asubuhi ile, mbele ya mgongo wa binti yake.

"Nitakutengenezea kingine," alisema.

Mchana ule aliingia chumbani na msumeno. Mke wake aliusikia akaja mbio.

"Unafanya nini?"

"Nakitoa."

"Kipelekwe wapi?"

Alisaga meno, akausukuma msumeno. Kilikuwa kitanda kibaya kukiua. Ndimi hazikuachia matundu, gundi ya miaka ishirini na mitano ilikuwa imegeuka jiwe, msumeno ulibanwa, ukapoteza makali, akaunoa akarudi. Alimtukana fundi aliyekitengeneza. Ghorofa ya juu ilitoka siku ya kwanza, ya kati siku ya pili, na hapo alikatiza kazi mapema akakaa ukumbini. Mke wake alimletea maji, akakaa naye. Magodoro Mzee Rula aliyaondoa mwenyewe, akayagawa kwa majirani, na hakuna aliyeuliza kitu.

Kutoka kwenye ghorofa tatu akapata kitanda kimoja kipana. Safari hii alitumia bolti na nati, ili mtu yeyote mwenye spana aweze kukifungua. Ubao wenye mstari wa rangi mbili, ule wa shibiri moja, aliuweka upande wa miguuni. Alikibeba kwa mkokoteni vipande vipande mpaka gesti, namba nne.

Mwenye gesti alipapasa mbao kwa kiganja.

"Mvule? Shemeji, hiki ni kitanda cha nyumbani. Utawalazia wapita njia?"

"Wanangu wakija, wape chumba hiki."

"Nitawawekea. Wanakuja lini?"

Mzee Rula alitoa rula mfukoni, akaikunjua, na kabla hajaunganisha hata ubao mmoja akaenda kupima mlango.